Walilipwa Nyumba, Wakapoteza Msimu: Kwa Nini Waliohamishwa na Mabwawa ya Umeme Hukosa Chakula

Mwaka 1963, Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ukiwa bado mchanga, ulianzisha mradi wake wa kwanza wa maendeleo. Waliolengwa hawakuwa wakimbizi wa vita wala waathirika wa ukame. Walikuwa Wanubi wa Wadi Halfa, kaskazini mwa Sudan, wakulima wa kando ya Nile ambao mji wao, mitende yao na makaburi ya wazee wao vilikuwa vinakwenda kufunikwa na ziwa la Bwawa Kuu la Aswan. Watu wapatao 50,000 walisafirishwa hadi Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka kwao, karibu na mto Atbara. Huko walikuta nyumba zimeshajengwa na mashamba ya umwagiliaji yameshapimwa. Hata hivyo walihitaji kulishwa.

Watu hao walikuwa wamejilisha wenyewe kwenye ukanda mwembamba wa ardhi, katikati ya jangwa, kwa karne nyingi. Iweje mkulima wa namna hiyo, akishapewa nyumba mpya na shamba jipya, aanze kusubiri chakula cha msaada?

Swali hili haliwahusu Wanubi peke yao. Tume ya Dunia ya Mabwawa, katika ripoti yake ya mwaka 2000, ilikadiria kwamba mabwawa makubwa yalikuwa yamehamisha watu kati ya milioni 40 na milioni 80. Thayer Scudder, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeshughulikia suala hili kwa zaidi ya nusu karne, alikusanya taarifa za mabwawa kutoka mabara mbalimbali. Kati ya mabwawa 44 yaliyokuwa na taarifa za kutosha, hali ya maisha ya waliohamishwa ilizidi kuwa mbaya katika mabwawa 36. Matano yaliwarudisha watu pale walipokuwa. Matatu tu ndiyo yaliyowainua.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka huwa moja: fidia ilikuwa ndogo, au ililiwa njiani. Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo waliolipwa kila shilingi iliyoandikwa kwenye fomu na bado wakashinda njaa. Ili kuelewa kwa nini, inabidi tutazame kitu ambacho fomu haikiulizi: chakula cha kaya kilitoka wapi, na katika mwezi upi.

Mto ulikuwa shamba la pili

Tuanze na mto tunaoujua. Katika bonde la Rufiji mkulima ana misimu miwili ndani ya bonde moja. Mpunga hupandwa na mvua za mwanzo, Desemba hivi, ili upate nguvu kabla maji hayajapanda. Mafuriko yakija kwa kiasi, mpunga huinuka nayo. Yanafikia kilele kati ya Machi na Mei, kisha yanaanza kupwa, na nyuma yake hubaki tope jeusi, zito, lililolowa mpaka chini, lenye rutuba iliyosafirishwa na mto kutoka nyanda za juu.

Hapo ndipo unapoanza mlau. Mkulima anafuata maji yanavyorudi nyuma. Anatoboa tundu kwenye tope, anatia punje tatu au nne za mahindi, anafukia kwa unyayo, anasogea hatua moja, anatoboa tena. Katikati anachanganya kunde na maboga. Mbolea hanunui. Mvua haingoji sana, kwa sababu unyevu umehifadhiwa ardhini. Familia huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kulinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na viboko. Mahindi hayo yanaiva kiangazi, miezi ambayo kwingineko ghala limeanza kuonyesha sakafu. Na mto ukifurika, hujaza maziwa madogo ya pembeni kama Zumbi, Ruwe na Utunge, ambamo samaki huzaliana na kunenepa.

Mafuriko makubwa yanayozamisha mpunga ndiyo hayo hayo yanayolowesha eneo kubwa zaidi kwa ajili ya mlau. Mwaka ambao msimu wa kwanza umeharibika, msimu wa pili unapanuka. Mtu aliyekaa ofisini akiona picha ya bonde lililojaa maji ataandika neno "maafa". Mkulima wa bonde, huku akihesabu hasara ya mpunga wake, tayari anapanga atapanda wapi maji yakishuka.

Tanzania ilishawahi kuona kinachotokea mtu akitenganishwa na bonde hilo, hata kabla ya bwawa lolote. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Nia ilikuwa njema: kuwaepusha na maji, kuwasogezea shule na zahanati. Lakini miinuko ile ni ya mchanga na mazao yake yanategemea mvua. Shamba la chakula lilibaki chini. Watu wakaanza kugawa maisha yao kati ya kijiji na dungu, watoto huku, wazazi kule, na kilimo cha bondeni kikadorora. Viwanja vingine vya kujenga vilitolewa. Kilichokatika ni uhusiano wa mtu na shamba lenye maji wakati wa kiangazi.

Gwembe, ambako tunayo kumbukumbu ndefu

Kama kuna mahali panapostahili kutazamwa kwa utulivu, ni bonde la Gwembe kwenye mto Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe. Watafiti wawili, Elizabeth Colson na Thayer Scudder, walifika huko mwaka 1956, kabla bwawa la Kariba halijajengwa, wakaendelea kurudi kwa miongo kadhaa. Ni nadra sana kupata jamii iliyofuatiliwa kwa ukaribu hivyo, kabla na baada ya kuhamishwa.

Watonga wa Gwembe walikuwa na kalenda inayofanana sana na ya Rufiji. Walilima mtama na uwele kwa mvua kwenye ardhi ya juu ya mto. Mto ukishuka, walipanda mahindi, maharage na maboga kwenye kingo zenye unyevu. Mavuno ya ukingoni yalifika mwishoni mwa kiangazi, wakati ghala la mtama likiwa karibu tupu na mvua mpya bado hazijanyesha. Tusilipambe bonde lile kupita kiasi. Mvua zake zilikuwa haba, na miaka ya njaa ilikuwepo hata enzi hizo. Mwaka mbaya ukija, watu waliingia porini wakachuma matunda, mizizi na majani ambayo kila mama aliyajua kwa jina, akijua lipi linaliwa bichi na lipi lichemshwe na maji yake yamwagwe.

Mwaka 1955 Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland (Zambia, Zimbabwe na Malawi za leo) lilichagua Kariba kuwa mahali pa bwawa. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa dola milioni 80. Umeme ulihitajika kwa migodi ya shaba ya Copperbelt na kwa viwanda vya kusini. Ukuta wenye kimo cha mita 128 ulifungwa Desemba 1958, na nyuma yake likaanza kujaa ziwa lenye urefu wa kilomita 280 hivi. Watonga wapatao 57,000 walikuwa njiani mwa maji.

Wengi walisogezwa kwenda miinuko ya karibu. Kundi moja la upande wa kaskazini liliambiwa litapelekwa Lusitu, mbali chini ya bwawa, kwa kuwa ardhi ya karibu haikutosha. Watu wakakataa. Tarehe 10 Septemba 1958 polisi waliwafyatulia risasi wanakijiji waliokuwa na mikuki, wakaua wanane. Waliobaki wakapakiwa kwenye malori. Katika miaka hiyo hiyo magazeti ya dunia yalijaa habari za Operesheni Nuhu, juhudi za kuwaokoa wanyama pori waliokwama kwenye visiwa vya ziwa lililokuwa likipanda. Wanyama wapatao 6,000 waliokolewa, na ilikuwa kazi ya kusifiwa. Habari za Lusitu hazikupata wino wa kiasi hicho.

Lusitu palikuwa na joto, maji ya shida, na msitu usiozoeleka. Muda mfupi baada ya kufika, watoto wengi walikufa kwa kuhara damu. Kisha makumi ya wanawake na watoto wakafariki ghafla kwa ugonjwa ambao chanzo chake hakikuwahi kuthibitishwa. Moja ya dhana zilizotolewa ni kwamba walikula mimea ya porini yenye sumu. Hata kama dhana hiyo isingekuwa sahihi, inatuonyesha hatari iliyokuwepo: maarifa ya chakula cha njaa yamefungwa na mahali. Mama anayejua mizizi ya bonde moja anaweza kuwa mgeni kabisa kilomita mia moja na kitu kutoka hapo, na hakuna mthamini anayeweza kumlipa kwa ujuzi huo.

Ardhi mpya nayo ilidanganya. Udongo wa ukingoni ulirutubishwa na mto kila mwaka, kwa hiyo shamba lile lile lililimwa bila kupumzishwa, kizazi hadi kizazi. Udongo wa mwinuko, ukishafyekwa, unatoa mavuno mazuri mwaka wa kwanza na wa pili, kisha unachoka na unataka kuachwa. Ekari tatu za ukingoni na ekari tatu za mwinuko ni sawa kwenye karatasi tu.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo Colson aliiona mapema. Katika bonde la zamani wanawake walikuwa na mashamba yao ya ukingoni, waliyoyarithi na ambayo mume hakuweza kuyagusa. Kwenye makazi mapya ardhi ilikuwa ya yule aliyeifyeka, na wafyekaji walikuwa wanaume. Kwa muda mfupi tu mwanamke aliyekuwa na shamba lake akawa analima kwa hisani ya mumewe. Anayejua jinsi kaya zetu zinavyokula anaelewa uzito wa jambo hilo: shamba la mama ndilo linalopeleka unga na mboga jikoni, na hela ya mazao ya baba ina safari nyingi kabla ya kufika sufuriani.

Samaki walikuja, kisha wakaenda kwa wengine

Wahandisi na maofisa hupenda kusema kwamba aliyepoteza shamba atapata ziwa. Kariba ilionekana kuthibitisha hivyo, kwa miaka michache. Ziwa jipya huwa na chakula kingi cha samaki, kwa sababu msitu na majani yaliyozama yanaoza na kurutubisha maji. Mwaka 1963 upande wa kaskazini ulikuwa na wavuvi takriban 2,000, na walivua tani 4,000 hivi. Fedha ya samaki ilinunua ng'ombe na majembe ya kukokotwa, na kupeleka watoto shule. Kwa karibu miaka kumi Gwembe ya kaskazini ilionekana kuinuka, na Scudder mwenyewe aliandika kwa matumaini.

Rutuba ile ya mwanzo ikaisha, na samaki wakapungua vibaya ndani ya miaka michache. Gugu maji la salvinia lilikuwa limeshatanda sehemu kubwa ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha, mwaka 1967 na 1968, dagaa kutoka Ziwa Tanganyika, wa jamii ya wale wanaoanikwa Kigoma, walipandikizwa Kariba. Walishamiri kupita matarajio. Huko wanaitwa kapenta, na leo ndio uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa lile. Lakini kapenta huvuliwa usiku kwenye kina kirefu, kwa vyelezo vya chuma vyenye taa kali na wavu mkubwa wa kushushwa kwa mashine. Mtonga mwenye mtumbwi na nyavu mbili hakuwa na mtaji huo. Waliokuwa nao walitoka mijini. Upande wa kusini mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufuko ilitengwa kuwa hifadhi za wanyama, Matusadona ikiwa mojawapo, na watu wa wilaya ya Binga, upande wa Zimbabwe, wakabaki kulima ardhi kavu iliyoko mbali na maji. Hadi leo Binga haikosekani sana kwenye orodha za wilaya zinazohitaji chakula cha msaada.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 maisha ya Gwembe yaliteremka. Vita vya ukombozi wa Zimbabwe vilivuka mto, uchumi wa Zambia ukayumba pamoja na bei ya shaba, na mashamba ya mwinuko yakawa yamechoka huku idadi ya watu ikiongezeka. Wale waliojenga maisha mapya kwenye hela ya samaki hawakuwa na msimu wa pili wa kurudia. Mkaguzi ambaye angekuja mwaka 1968 angeandika kwamba mradi umefaulu. Miradi mingi hukaguliwa mwaka wa tatu au wa tano, kisha faili hufungwa. Njaa ya kuhamishwa ina tabia ya kuchelewa.

Na umeme? Nyaya zilipita juu ya Gwembe kwenda migodini na mijini, na vijiji vingi vya waliohamishwa viliishi miongo kadhaa gizani.

Mthamini anahesabu nini

Turudi nyumbani, tukae na mthamini pale anapofika kijijini na fomu zake. Anapima nyumba: ukuta wa nini, paa la nini, vyumba vingapi. Anahesabu miembe, minazi, mikorosho. Anapima shamba. Tanzania ina maneno mazuri kwenye sheria zake: fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi. Mengi ya hayo hayakuwepo wakati wa Kariba, na ni hatua ya kweli.

Sasa angalia kinachopita kando ya fomu. Mfano ni bustani ya ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Ni sheria yenye maana, inalinda vyanzo vya maji. Lakini matokeo yake ni kwamba kitalu cha mchicha na nyanya kinacholisha kaya Septemba na Oktoba kinaweza kuonekana sufuriani kisionekane kwenye daftari la uthamini. Samaki wa kitoweo hawana safu kwenye fomu. Kuni, uyoga, asali, ukindu wa mikeka, majani ya kuezekea na malisho ya mbuzi navyo havina. Ni mali ya wote, kwa hiyo kwenye hesabu zinageuka kuwa mali ya hakuna mtu. Kwa kaya maskini, isiyo na shamba kubwa wala miti ya kuhesabiwa, huenda hivyo ndivyo vilivyokuwa zaidi ya nusu ya riziki yake, na ndiyo kaya inayotoka na bahasha nyembamba kuliko zote.

Mti nao una hesabu yake ya muda. Mnazi unaokatwa leo ulikuwa unazaa. Mche utakaopandwa kwenye kiwanja kipya utachukua miaka kama sita kabla haujatoa nazi ya kwanza. Fidia ikikadiria thamani ya mti bila kuihesabu miaka hiyo, imeacha pengo ambalo familia italiziba kwa kununua chakula.

Kenya walipima pengo hili kwa takwimu. Bwawa la Kiambere kwenye mto Tana lilikamilika mwaka 1988, na maelfu ya watu waliondolewa, wengi wakilipwa fedha taslimu ili wajitafutie ardhi wenyewe. Utafiti wa kijamii uliofanyika baadaye ulikuta kwamba shamba la wastani lilikuwa limeshuka kutoka hekta 13 hadi 6. Mifugo ilikuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalikuwa yameshuka kwa asilimia 68, ya maharage kwa asilimia 75. Pato la kaya lilikuwa limetoka shilingi 10,968 hadi shilingi 1,976.

Soma tena takwimu za mavuno kwa hekta. Zingekuwa zimepungua hekta peke yake, tungesema watu walipewa ardhi ndogo. Lakini hata hekta moja ya mahali papya ilitoa chini ya theluthi ya mahindi ya zamani. Familia ilipoteza ukubwa wa shamba na ubora wake kwa pamoja, na hasara hizo mbili huzidishana.

Fedha taslimu ina matatizo yake, na sikubaliani na wanaosema kwamba wakulima hawajui kuitumia. Kundi kubwa la watu likitafuta ardhi kwa wakati mmoja kwenye eneo moja, bei hupanda. Malipo yakichelewa mwaka, bei ya shamba haimsubiri mtu. Na katika kipindi hicho cha kusubiri, baada ya tarehe ya ukomo kutangazwa, kaya huambiwa isijenge wala isipande mazao ya kudumu, kwa hiyo huanza kudhoofika kabla haijahama. Kuna vijiji duniani vilivyoishi hivyo kwa miaka mingi kwa sababu bwawa lilitangazwa na likachelewa kujengwa. Fedha inapofika, sehemu yake inakwenda kulipa madeni ya kusubiri.

Msomi Michael Cernea, mwanasosholojia aliyefanya kazi Benki ya Dunia, alipanga hatari za kuhamishwa katika makundi manane: kukosa ardhi, kukosa kazi, kukosa makazi, kusukumwa pembeni, uhaba wa chakula, maradhi na vifo, kupoteza mali ya pamoja, na kuvunjika kwa jamii. Mpangilio huo umesaidia sana, hata sera za wakopeshaji wakubwa zimeufuata. Kwa maoni yangu, uhaba wa chakula haupaswi kukaa kwenye orodha kama kipengele cha tano miongoni mwa vinane. Hatari nyingine saba zote humwagikia hapo. Aliyekosa ardhi, aliyekosa kazi, aliyetenganishwa na shangazi aliyezoea kumkopesha debe la mahindi, wote hujikuta mwishoni mbele ya swali la watoto watakula nini leo.

Hilo la shangazi si dogo. Ghana ilipojenga bwawa la Akosombo, watu wapatao 80,000 kutoka vijiji 739 walikusanywa kwenye miji mipya 52. Jamaa waliozoea kukopeshana, kuazimana ng'ombe na kusaidiana mavuno walitawanyika, na kando yao wakakaa watu wasiojuana. Kilimo cha matrekta kilichoahidiwa hakikufika kwa kiwango kilichotakiwa, na ardhi iliyosafishwa ilikuwa kidogo. Chakula cha msaada kikaletwa. Ndani ya miaka michache wengi walifunga milango ya nyumba zao mpya za saruji wakaondoka, baadhi wakienda kuvua kandokando ya Ziwa Volta.

Waliobaki chini ya bwawa

Kuna kundi ambalo mara nyingi halihesabiwi kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuja na lori kuwabeba. Ni wanaoishi chini ya bwawa. Nyumba zao zipo, makaburi yao yapo, ila mto unaowapitia ni mwingine. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mwaka 2024. Kwa kuwa limejengwa ndani ya eneo la hifadhi, waliohamishwa kupisha ziwa ni wachache sana ukilinganisha na Kariba. Taifa lilihitaji umeme huo, nami ni miongoni mwa waliofurahi mgao ulipopungua. Lakini wakulima wa mlau wako chini ya ukuta ule, na tope lililokuwa likiwafikia kila mwaka sasa linaanza kutua nyuma ya zege. Mpangilio wa mafuriko pia umehamia mikononi mwa watu. Aprili 2024 maji yaliharibu mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na mjadala ukawa mkali kuhusu sehemu ya mvua na sehemu ya bwawa. Serikali ilieleza kwamba mvua zilikuwa kubwa na kwamba bwawa lilipunguza makali. Hata ukikubali maelezo hayo moja kwa moja, swali la kila mwaka linabaki: mlango ufunguliwe lini, na kwa kiasi gani?

Kinachofanya kazi

Njia bora ni kupunguza idadi ya wanaohamishwa kabla ya kumwaga zege. Mradi wa Rusumo, wa megawati 80 kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ulibadilishwa ukatumia mtiririko wa mto badala ya kutengeneza ziwa kubwa, na hivyo ardhi nyingi ya kilimo ikabaki kavu. Umeme ulipungua kidogo, watu wengi wakabaki kwao.

Pale ambapo haiepukiki, ardhi ilipwe kwa ardhi, na ardhi hiyo ipimwe kwa mavuno yake na miezi inayolisha, hekta peke yake zisitumike. Anayehama akiwa na shamba la kiangazi apewe shamba la kiangazi, hata kama ni kwa skimu ndogo ya umwagiliaji kutoka ziwa lile lile lililomwondoa. Majina kwenye hati yawe ya mume na mke. Na ziwa jipya likizaa samaki, leseni za mwanzo zitengwe kwa waliohamishwa na mikopo ya vyombo iende nao, somo ambalo Kariba ililipia ghali.

Muda wa kusaidiwa nao ulingane na ukubwa wa hasara. China, baada ya makosa mazito ya miongo iliyotangulia, iliamua mwaka 2006 kuwalipa waliohamishwa na mabwawa yuani 600 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka 20. Ni fedha kidogo, lakini kanuni yake ni ya maana: inakubali kwamba mtu hajasimama tena mwaka wa tatu. Brazil inazitaka kampuni za umeme wa maji kulipa sehemu ya thamani ya umeme kwa halmashauri zilizopoteza ardhi, mwaka hadi mwaka, maadamu mitambo inazunguka. Sioni kwa nini bili ya umeme ya Dar es Salaam au Nairobi isiweze kubeba senti chache za namna hiyo.

Kwa walio chini ya bwawa, kuna uzoefu wa mafuriko ya kupangwa. Bwawa la Manantali, kwenye tawimto kuu la mto Senegal, lilifunguliwa kwa makusudi kwa miaka kadhaa ili kulowesha mashamba ambayo wakulima hupanda mtama maji yakipwa. Pongolapoort, Afrika Kusini, nalo limekuwa likiachia mafuriko kwa ajili ya bonde la chini, na wakati fulani wakulima, wavuvi na wafugaji walikaa kwenye kamati kujadili tarehe. Majadiliano yao hayakuwa rahisi, maana mvuvi anataka maji mapema na mengi, na mwenye mahindi shambani anaomba yasije kabla hajavuna. Kila mita ya ujazo inayoachiwa nje ya mitambo pia ni umeme usiozalishwa, na gharama hiyo inapaswa kusemwa waziwazi.

Rufiji ingehitaji mazungumzo kama hayo kila mwaka kabla ya Machi, kati ya waendesha bwawa, ofisi ya bonde la mto, na wakulima wa mlau wenyewe, kina mama wakiwemo. Maji yakiachiwa kwa kiasi Machi na Aprili, yakapungua taratibu Mei, mahindi ya kiangazi yanapatikana. Yakibanwa miezi hiyo kisha yakafunguliwa ghafla Julai, yanasomba mimea iliyokwisha fika magotini, na mbegu ya kupanda tena mwaka huo haipo.